Ubao Haukubali Kulala

Ubao wa msindano wa inchi moja kwa nane, ukilazwa juu ya sakafu ya saruji na kubonyezwa kona moja kwa kidole, huinua kona ya mshazari wake. Kidole kikiondolewa, kona ile hurudi chini na kugonga: tak. Ukibonyezwa tena, tak. Mlio huo ni habari isiyopendeza kwa mtu aliyenunua mbao za kutosha uso wa meza ya kulia chakula. Mbao zinazocheza namna hiyo zikipakwa gundi na kubanwa kwa nguvu hutulia kwa muda. Kisha meza yenyewe huanza kucheza, au kiungio huachia, au uso mzima hujipinda taratibu mbele ya macho ya mwenyewe baada ya kiangazi kimoja.

Katika karakana kubwa tatizo hili humalizwa kwa dakika chache. Ipo mashine ya kunyooshea uso wa mbao, yenye meza mbili ndefu za chuma na ngoma ya visu inayozunguka katikati. Meza ya kuingizia imeshushwa kidogo, kiasi cha unene unaotakiwa kuondolewa. Ya kutokea iko sawasawa na ncha za visu. Ubao unaposukumwa, kila sehemu iliyokwisha kukatwa hupokelewa na meza ya pili, na unyoofu wa chuma huhamia kwenye mti. Seremala wa nyumbani hana mashine hiyo. Mwalimu mwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, au mstaafu aliyegeuza gereji kuwa karakana, ana msumeno, randa moja au mbili, patasi, labda ruta ya umeme. Mashine ya kunyooshea ni nzito, hula nafasi ya gari, na zile ndogo zinazoweza kununuliwa na mtu binafsi mara nyingi zina upana wa milimita 150 tu. Ubao wa mninga wa inchi kumi hauingii.

Jibu la haraka ni kubeba mbao hadi kwa mwenye mashine. Jijini Dar es Salaam, kuanzia Keko hadi Buguruni, ni jambo la kawaida kulipia mbao zipigwe randa. Lakini mashine inayotumika zaidi kwa kazi hiyo ni ile ya kupunguza unene, nayo ina tabia ambayo mteja mgeni haijui. Ndani yake mna roli zinazousukuma ubao kupita chini ya visu, na roli hizo huukandamiza ubao uliopinda mpaka ulale kwenye meza. Visu huusawazisha ukiwa umekandamizwa hivyo. Ukitoka upande wa pili, hujirudi ulivyokuwa. Mteja hukabidhiwa ubao laini, wenye unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho, na uliopinda vilevile kama alivyouleta. Amelipa, amepoteza milimita kadhaa za unene, na kona ingali inagonga.

Ndiyo maana asiye na mashine ya kunyooshea hulazimika kuusoma ubao kabla ya kuukata: umepinda wapi, kwa sababu gani, na ni kiasi gani cha mpindo huo kinahitaji kuondolewa kwa kazi iliyokusudiwa. Usomaji huo ndio kiini cha kazi yote. Mwenye mashine anaweza kuuruka na bado akafanikiwa mara nyingi. Asiye nayo akiuruka, hutoa jasho siku nzima na kubaki na ubao mwembamba kama kifuniko cha sanduku la matunda.

Usomaji huanzia kwenye maji. Mti uliosimama umejaa maji, na ukikatwa, yale yaliyomo ndani ya matundu ya seli hutoka kwanza bila ubao kubadilika umbo. Mambo huanza pale unyevu unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mti mkavu. Kuanzia hapo maji yanayotoka ni yale yaliyoshikwa na kuta za seli zenyewe, na kuta zikipoteza maji husinyaa. Kwa urefu wa nyuzi, mti uliokomaa hausinyai kiasi cha kuonekana kwa macho. Kutoka moyoni kuelekea kwenye gome husinyaa kwa kiasi. Kufuata mzunguko wa pete za ukuaji husinyaa karibu mara mbili ya hapo. Hata mtiki, unaosifiwa kwa utulivu wake, husinyaa kama asilimia 2.5 kutoka moyoni kwenda kwenye gome na asilimia 5.8 kufuata pete, ukihesabu tangu ubichi hadi ukavu kamili.

Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo inayoupinda ubao. Seremala akiuinua na kutazama kichwa chake, pale ulipokatwa kwa msumeno, ataona pete zimejipanga kama pinde. Uso uliokuwa karibu na gome una nyuzi nyingi zinazofuata pete, hivyo husinyaa zaidi na kubonyea. Uso wa upande wa moyo hubenuka. Mtu anaweza kusimama kwenye duka la mbao, akatazama vichwa tu, na akataja kila ubao utaelekea wapi utakapokauka. Ule ambao pete zake zimesimama wima kutoka uso mmoja hadi wa pili hupungua upana kidogo na kubaki bapa. Huo ndio wa kuugombania.

Hewa nayo ina neno lake. Mbao haziachi kunywa na kutoa unyevu hata zikishakuwa kabati. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80, isiyo ngeni kwa watu wa pwani, huutuliza ubao kwenye unyevu wa takriban asilimia 16. Hewa ya asilimia 50, ya mahali pakavu au ya ofisi yenye kiyoyozi, huushusha hadi asilimia 9 hivi. Ubao wa mtiki wenye upana wa milimita 200, uliopasuliwa ili uso wake ufuate pete, ukihamishwa kutoka hewa ya kwanza kwenda ya pili utapungua karibu milimita 2.7. Ule wa pete za kusimama utapungua kama milimita 1.2. Ubao ulionunuliwa Tanga na kunyooshwa siku hiyohiyo kwa ajili ya ofisi ya Dodoma, basi, umenyooshwa kabla ya wakati wake.

Msindano una kisa chake peke yake, na ndio mti ambao seremala wengi wa nyumbani huanza nao kwa sababu ya bei. Mbao nyingi za msindano zinazouzwa Tanzania hutoka nyanda za juu kusini, liliko shamba la miti la Sao Hill wilayani Mufindi. Katika miaka yake ya mwanzo msindano hujenga kuzunguka kiini chake mti mchanga, ambao nyuzi zake huelekea kuzunguka shina badala ya kupanda moja kwa moja, na ambao, tofauti na mti uliokomaa, husinyaa hata kwa urefu. Nyuzi zinazozunguka huleta msokoto. Kusinyaa kwa urefu upande mmoja kuliko mwingine huleta upinde. Mti ukivunwa ukiwa mdogo, sehemu kubwa ya kila ubao huwa ni huo mti mchanga. Si haki kumlaumu mpasuaji kwa kila ubao unaogonga sakafu. Mara nyingi kosa lilikwisha kuandikwa shambani.

Kusoma msokoto hakuhitaji kifaa cha kununua. Fito mbili zilizonyooka, zenye upana mmoja na urefu unaozidi upana wa ubao, hutosha. Moja husimamishwa kwa ukingo wake kwenye ncha ya karibu, ya pili kwenye ncha ya mbali. Ile ya mbali hupakwa mkaa ili ionekane vizuri. Seremala huchuchumaa mpaka jicho lake liwe sawa na ukingo wa juu wa fito ya karibu, kisha hutazama ya mbali ikizama au ikichomoza nyuma yake. Zikiwa sambamba, hakuna msokoto. Ikichomoza upande mmoja tu, kona hiyo iko juu, na mwenzake wa mshazari yuko juu pia. Kwa kuwa fito ni ndefu kuliko upana wa ubao, kosa dogo huonekana kubwa, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Kona za juu huwekwa alama ya chaki.

Ujanja wa kulinganisha kitu na kingine ili kupata unyoofu ni wa kale mno. Wachonga mawe wa Misri ya kale walitumia vijiti vitatu vya urefu mmoja. Viwili vilishikilia ncha za uzi uliokazwa juu ya jiwe, na cha tatu kilipitishwa chini ya uzi. Kilipougusa na kuusukuma juu, hapo palikuwa na kilima cha kuchonga. Miaka elfu kadhaa baadaye swali lilelile lilirudi kwenye chuma. Joseph Whitworth, fundi wa mitambo Mwingereza aliyewahi kufanya kazi katika karakana ya Henry Maudslay jijini London, alisoma mada huko Glasgow mwaka 1840 akieleza namna ya kupata uso bapa wa chuma bila kuwa na uso bapa wa kuigia. Siri yake ilikuwa sahani tatu. Sahani mbili zinaweza kulaliana bila pengo huku moja imebenuka na nyingine imebonyea kwa kiasi kilekile. Ikiingia ya tatu, inayotakiwa kulaliana na zote mbili, udanganyifu hauna pa kujificha.

Seremala anaweza kuchukua wazo hilo na kujitengenezea rula ndefu ya mbao kwa gharama ya ubao mmoja mkavu. Huchora mstari kwa penseli kufuata ukingo wa rula, huigeuza upande wa pili wa mstari huohuo, na kuchora tena. Mistari ikiachana katikati, kosa la rula ni nusu ya pengo hilo. Randa hupita kidogo, mstari huchorwa upya, mpaka mistari iwe mmoja. Kuanzia hapo kila kitu karakanani kina pa kulinganishwa.

Baada ya kusoma, wengi hukimbilia randa. Ni mapema. Zana yenye nguvu kuliko zote katika kunyoosha mbao ni msumeno, na sababu yake ni hesabu ambayo kila anayeanza angepaswa kuonyeshwa siku ya kwanza. Kina cha upinde hufuata mraba wa urefu. Ubao wa mita 2.4 wenye upinde wa milimita 12 ukikatwa katikati, kila nusu haibaki na milimita 6. Hubaki na milimita 3. Ukikatwa vipande vinne vya sentimita 60, kila kipande kina upinde wa robo tatu ya milimita, ambao randa huumaliza kwa mipito michache. Ubao huohuo ukiwa na unene wa milimita 25 na mtu akaung'ang'ania mzima, atakapopata nyuso mbili zilizonyooka atakuwa amebakiwa na milimita 13. Akiukata nusu kwanza, anabaki na 22. Tofauti hiyo ni mbao nzuri iliyogeuka maranda ya kutandika banda la kuku.

Hesabu hiyo huenda pia kwa upana. Ubao wa milimita 200 uliobonyea milimita 4 ukichanwa katikati kwa urefu hutoa vipande viwili vyenye mbonyeo wa milimita 1 kila kimoja. Hunyooshwa, kisha hurudishwa pamoja kwa gundi, na mstari wa kiungio hauonekani kama nyuzi zimepangwa kwa uangalifu. Msokoto hauna huruma kiasi hicho. Wenyewe hupungua kwa uwiano wa kawaida, nusu kwa nusu, ndiyo maana ubao uliosokotwa sana hautegemewi kwa kazi ndefu hata bei yake ikiwa ya kushawishi.

Hivyo orodha ya vipande hutangulia kunyoosha. Mbao zilizopinda zaidi hutolewa miguu, vipande vya chini ya kiti, pande za droo. Zile bora hutunzwa kwa ajili ya uso wa meza na milango ya kabati, ambako jicho hufika kwanza. Na hata huko kuna mengi ya kusamehewa. Samani nyingi za kale zilizotengenezwa kwa mkono, zikipinduliwa, huonyesha chini yake mawimbi ya randa ambayo hakuna aliyejisumbua kuyalainisha. Fundi alinyoosha uso unaoonekana na mahali pa viungio; pengine pote aliacha mti ulivyo. Huo si uzembe. Ni mtu aliyejua nguvu zake ziende wapi.

Sasa randa. Ubao huwekwa juu ya meza ya kazi, uso uliobonyea ukiwa chini, ili usimame kwa kingo zake mbili. Chini yake huchomekwa kabari nyembamba kila palipo na pengo, kwani ubao usioshikiliwa hunepa chini ya randa na kudanganya kama ulivyodanganya kwenye roli za mashine. Kisha uso wote huchorwa mistari ya ovyo kwa penseli, toka kona hadi kona. Mistari hiyo itakuwa shahidi.

Mpito wa kwanza hauendi kwa urefu. Huenda kukingama, kutoka ukingo hadi ukingo, kwa randa ambayo kisu chake kimenolewa kwa tao dogo badala ya mstari ulionyooka. Joseph Moxon, aliyeanza kuchapisha maelezo ya ufundi wa mikono jijini London mwaka 1678, tayari alimweleza msomaji wake kisu cha namna hiyo kwa kazi ya kwanza ya kukwangua. Tao huzuia pembe za kisu kuzama, na kukata kukingama nyuzi huhitaji nguvu ndogo kuliko kuzifuata, kwa hiyo kisu kinaweza kushushwa kwa kina. Maranda hutoka mafupi, mazito, yenye kuvunjika, na hayapendezi hata kidogo. Lakini kilima hushuka kwa kasi inayomshangaza mtu aliyezoea kuona randa ikibembeleza. Mistari ya penseli hufutika kwanza katikati, huku pembeni ikibaki. Palipo na msokoto, randa huelekezwa kwa mshazari kutoka kona moja ya chaki kwenda ya pili, na fito mbili hurudishwa mahali pake kila baada ya mipito kadhaa.

Uso wa zamani wa ubao una rangi ya kijivu, na mti mpya ulio chini yake una rangi yake halisi: mwekundu wa udongo kwa mninga, wa dhahabu kwa mvule. Kwa muda mrefu ubao huonekana kama ramani ya visiwa, visiwa vya kijivu vikizidi kupungua. Inapobaki doa moja tu la kijivu karibu na ukingo, kishawishi ni kulifuata doa lenyewe na kulichimba. Hapo ndipo mbao nyingi huharibiwa. Doa ni bonde, na dawa ya bonde ni kushusha nchi yote iliyolizunguka.

Baada ya kukingama huja mshazari kwa pande zote mbili, kisha urefu, kwa randa ndefu kadiri inavyopatikana. Urefu wa randa ndio unaotofautisha kulainisha na kunyoosha. Randa namba 4 ya chuma, ile fupi iliyo katika maduka mengi ya vifaa, ina urefu wa robo mita hivi, nayo huingia kwenye bonde na kutoka kama mashua kwenye mawimbi. Uso utateleza kwa mkono na bado utakuwa umepinda. Namba 7 ina karibu milimita 560. Hupita juu ya mabonde bila kuyagusa na kukata vilima tu, mpaka vilima viishe. Namba hizo zinatokana na kampuni ya Stanley ya Marekani, iliyonunua biashara ya Leonard Bailey na hataza zake za randa mwaka 1869, na hadi leo randa za chuma zinazouzwa Kariakoo au Nairobi zinafuata umbo la Bailey. Asiyepata ndefu anaweza kujichongea ya mbao, kama mafundi wa Afrika Mashariki walivyofanya kwa vizazi. Kipande kigumu kilichokauka, mdomo uliochongwa kwa patasi, kisu cha chuma kizuri na kabari. Ufundi huo haujapitwa na chochote, na Warumi waliokuwa na randa mjini Pompeii kabla volkano haijaufukia mwaka 79 wangeitambua zana hiyo mara moja.

Mambo mawili huamua kama kazi hii itakuwa raha au adhabu. La kwanza ni kinoo. Kisu butu hung'oa nyuzi, huvunja mgongo, na humfanya mtu aamini kuwa anahitaji mashine. La pili ni kipande cha mshumaa kilichopakwa mara kwa mara kwenye tumbo la randa, ambacho hupunguza msuguano kuliko mtu anavyoweza kuamini kabla hajajaribu. Kwa mvule kuna onyo. Mti huo wakati mwingine huficha ndani yake vijiwe vya chokaa vinavyoweza kung'oa meno kwenye kisu kilichotoka kunolewa, na vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua. Barakoa huvaliwa hata karakana ikiwa uani penye upepo.

Uso wa kwanza ukishanyooka, mengine hufuata upesi. Ukingo mmoja hupigwa randa mpaka uwe mraba na uso huo. Chombo cha kukwaruzia mstari huwekwa kwenye unene uliokusudiwa na kuzungushwa ubao mzima kikiegemea uso uliokwisha kunyooka, kisha uso wa pili hushushwa hadi mstarini. Kwa mbao mbili za kuunganishwa kwa gundi kuna hila nzuri: hukunjwa uso kwa uso, kingo zao zikiwa juu sambamba, na kupigwa randa kwa pamoja. Hata randa ikilala upande kidogo, ukingo mmoja utakuwa na pembe iliyopungua na mwingine iliyozidi kwa kiasi kilekile, na zikifunguliwa hukutana bila pengo na uso hubaki bapa.

Mwenye mashine ndogo ya kupunguza unene hana haja ya kutoa jasho lote hilo. Roli zilizomsaliti huzuiwa kwa kibebeo: kipande kizito na bapa cha plaiwudi, kirefu kuliko ubao, chenye kizuizi mwishoni. Ubao hulazwa juu yake, vipande vidogo vya mbao huingizwa kila palipo na mwanya na kushikwa kwa gundi ya moto, kisha vyote hupitishwa kwenye mashine kwa pamoja, milimita moja kila mpito. Kwa kuwa ubao hauna pa kunepa, visu hukata vilima tu. Uso wa juu ukinyooka, gundi hubanduliwa, ubao hupinduliwa, na kibebeo hakihitajiki tena. Njia ya ruta ni ya namna hiyo: reli mbili zilizonyooka pembeni mwa ubao, daraja linaloteleza juu yake, na kisu kipana kinachokwenda na kurudi. Ni ya polepole, yenye kelele na vumbi jingi, lakini huweza kumeza ubao mpana kuliko mashine nyingi, na kwa gogo lililopasuliwa zima kwa ajili ya meza ya sebuleni haina mpinzani. Umeme ukikatika, hata hivyo, randa ya mkono haina habari.

Ipo pia dawa ya bure ambayo wazee wa ufundi huijua. Ubao uliobonyea hulazwa juani kwenye majani mabichi, tumbo likiwa chini. Unyevu wa majani huutanua uso wa chini, jua husinyaza mgongo, na baada ya saa kadhaa ubao hulala. Inafanya kazi, na kwa ubao uliopinda kwa sababu tu ulikaa umeegemezwa ukutani uso mmoja ukiota jua, inaweza kuwa tiba kamili. Kwa ubao uliopinda kwa asili ya pete zake ni nafuu ya muda. Hewa ikiurudisha kwenye unyevu wake, nao hurudi kwenye umbo lake. Kuupiga gundi ukiwa katika nafuu hiyo ni kujitafutia kesi.

Na haifai kusahau kwamba pwani hii ina ufundi mzima uliojengwa juu ya mbao zilizopinda. Mafundi wa majahazi wa Matondoni katika kisiwa cha Lamu na wa Nungwi, Unguja, huchagua matawi yaliyojipinda yenyewe kwa ajili ya mataruma, kwa sababu pale nyuzi zinapofuata mpindo, mbao hustahimili kishindo ambacho kipande kilichokatwa mpindo kwa msumeno kingevunjika nacho. Fundi hulitembelea tawi, hulitazama, hulipatia nafasi yake ndani ya chombo, kisha ndipo tezo inapoguswa. Seremala wa nyumbani aliye na ubao wenye upinde mzuri, ulio sawa toka ncha hadi ncha, anaweza kujiuliza kama haujamletea mgongo wa kiti au tao la kichwa cha kitanda.

Kwa uliokusudiwa kuwa bapa, kazi haifungwi siku moja. Katikati ya ubao huwa na unyevu tofauti na nyuso zake, na maganda ya nje yakiondolewa, mvutano uliokuwa umesawazishwa ndani huachiliwa. Ndiyo maana mafundi waangalifu huondoa karibu sawa kwa sawa pande zote mbili, huacha milimita mbili au tatu juu ya unene wa mwisho, kisha hupanga mbao kwa kutenganishwa na vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite juu na chini, vijiti vikiwa vimesimama mstari mmoja kutoka safu ya chini hadi ya juu. Baada ya wiki moja au mbili ndani ya chumba kinachofanana na mahali samani itakapokaa, fito mbili hurudi kazini na randa hupita mara ya mwisho. Mbao mbichi kutoka mashineni zina safari ndefu zaidi: kanuni ya zamani ya kukaushia hewani ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na ingawa miti na hali ya hewa hutofautiana, hairuhusu haraka ya wikendi moja.

Rangi au vanishi hupakwa nyuso zote mbili, kwa idadi ileile ya mipako, hata ule wa chini ambao hakuna mgeni atakayeuona, maana uso uliofungwa na uso ulio wazi hunywa unyevu kwa kasi tofauti, na ubao uliohangaikiwa hivyo utaanza tena kubonyea. Uso wa meza haupigwi misumari wala kugandishwa kwa gundi kwenye fremu. Meza ya mtiki yenye upana wa milimita 900, ikitoka unyevu wa asilimia 16 hadi 12, itapungua karibu milimita 7. Kwa hiyo skrubu ya katikati hukazwa moja kwa moja, na zile za pembeni hupitishwa kwenye matundu marefu yaliyochongwa kukingama nyuzi, huku kichwa cha kila skrubu kikiwa kimelalia washa na kukazwa kiasi tu cha kuweza kuteleza.